Kugonga Mara Tatu

Watu wenye akili zao wakisikia bahari imechafuka hukaa nyumbani wakanywa chai. Dada, fundi makochi, akisikia hivyo alifunga duka. Ukutani, juu ya cherehani yake nzito ya kushonea ngozi, alibandika kalenda ya maji kujaa na maji kupwa, na kila asubuhi kabla hajagusa sponji wala mkasi aliisoma jinsi wengine wanavyosoma habari za mpira. Siku ambayo kivuko kilitangaza kusitisha safari, yeye alianza kuimba. Wateja walishamzoea. Mtu angekuja kuulizia sofa lake, akachungulia dirishani akaliona limelala chali, miguu juu, sponji nje, na mlango umetiwa kufuli, akajua kwamba leo kuna upepo.

Dada ndivyo alivyoitwa na kila mtu, hata na waliomzidi umri, kwa sababu mdogo wake alimwita hivyo kwa sauti kubwa tangu utotoni na mtaa mzima ukaiga. Huyo mdogo wake naye akaitwa Chura, kwa kupenda maji. Mama yao alifariki Chura akiwa bado hajajua kufunga kamba za viatu, na Dada, ambaye alikuwa bado anavaa sare za shule, akazifunga yeye. Akamlisha, akamchapa ilipobidi, akamsomesha mpaka akawa fundi wa lifti. Na pale Dada mwenyewe alipopata vijisenti vyake vya kwanza vya kushona makochi, Chura angali mtoto, hakununua redio wala gauni. Alinunua kayaki mbili kuukuu, ile mitumbwi myembamba ya plastiki ngumu ambayo mtu hukaa peke yake ndani yake, miguu ameinyoosha mbele, na kiunoni amevaa sketi ya mpira inayoziba tundu lote maji yasiingie.

Maji yaliyotulia Dada hakuyataka. Alisema hayamfundishi mtu kitu, ni sawa na kujifunza kushona kwa kumchungulia fundi dirishani. Yeye na Chura walikwenda kuyatafuta maji makali mahali walipopaita Jikoni, nje kidogo ya ukuta wa bandari, kati ya ukuta huo na mwamba mmoja uliokaa peke yake. Siku ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, maji yakipwa hupita hapo kwa haraka kama watu wanaotoka uwanjani mpira umekwisha. Upepo wa nje ukija ukakutana nayo uso kwa uso, mawimbi hayaendi mbele wala hayarudi nyuma, yanasimama wima na kuchemka. Humo ndimo walimojifunza kuukata mkondo, kujiinua kwa kasia ukipinduka, na juu ya yote, kugonga.

Kugonga ni hivi. Kayaki ikipinduka, unabaki umekaa kwenye kiti chako kichwa chini, ndani ya maji, kama popo. Ukiwa na kasia unajiinua mwenyewe. Kasia likikuponyoka una njia mbili tu. Ya kwanza ni kuvuta sketi, utoke, uogelee, kisha watu wahangaike kukurudisha chomboni. Ya pili ni kubaki humo humo, utoe mikono pande zote mbili za tumbo la kayaki, ulipige mara tatu, halafu uipeleke mikono mbele na nyuma taratibu ukingoja. Mwenzio analeta pua ya kayaki yake mpaka mikononi mwako. Unaishika, unanyonga kiuno, unarudi duniani. Kueleza ni rahisi. Kulifanya jambo lenyewe kuna kazi, maana huoni, pumzi inakwisha, na kila kiungo kinakwambia toka, mjinga wewe. Hubaki mle ila kwa kumngoja mtu unayemwamini. Na kanuni ni moja, Dada alimpigia Chura kelele mpaka ikamwingia: anakwenda aliye karibu, mwingine anakaa mbali, kwa sababu pua mbili zikija kwa pamoja zitasaga mikono ya mwenzenu.

Miaka yote hiyo Dada alipogonga, pua iliyokuja ilikuwa ya Chura. Aliijua kwa vidole. Ilikuwa na kovu, pale Dada alipoiziba kwa gundi na kitambaa baada ya Chura kuibamiza mwambani, na lile kovu liliinuka kama mshono wa gunia. Akilishika tu, roho yake ilitulia kabla hata hajapata hewa.

Kisha Chura akaoa.

Wifi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Dada zaidi. Angekuwa mvivu, angesemwa. Angekuwa na mdomo, wangejibizana siku moja wakamaliza. Lakini alikuwa mwalimu wa chekechea, mwembamba, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza hata anapoomba chumvi. Alimwamkia Dada "shikamoo, wifi" kwa heshima zote, na kila shikamoo Dada aliihisi ikimwotesha unywele mweupe. Alipoolewa hakujua hata kuogelea. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameshajifunza, akapanda kayaki, akapinduka, akacheka, akapanda tena.

"Anajifunza haraka, Dada," Chura alisema huku macho yakimng'aa.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," Dada akajibu. "Ngoja akutane na maji yenyewe."

Chura alidhani ni mzaha, akacheka. Watu husema mawifi wana gubu, na Dada alipokuwa msichana aliapa kwamba yeye hatakuwa wa namna hiyo, mdogo wake akioa atamshangilia. Sasa kijiba cha roho kilikuwa kimemkaa kifuani na hakijui kuondoka. Akiona Chura anambebea mkewe kasia, roho inamuuma. Akiona Chura anamfutia mkewe mchanga mguuni, roho inamuuma. Yeye Dada aliishi na mchanga miguuni miaka na miaka na hakuna aliyeuona!

Siku moja Chura alisimama kwenye mlango wa duka, mkanda wa vifaa vya lifti bado uko kiunoni.

"Dada, mshonee wifi yako sketi. Hizi za dukani zinamvujia."

"Za dukani zinamtosha kwa maji anayochezea."

"Nataka achezee maji yetu."

Yetu. Dada aliitwanga pini ya kochi kwa nyundo mpaka ikapinda. Kisha akamwambia amlete mkewe apimwe.

Wifi alikuja jioni akitoka kazini, vidole vina rangi za watoto. Akasimama katikati ya makochi yaliyochunwa, akainua mikono, na Dada akampitishia futi kiunoni. Alipima huku akiwaza, wala hakujifichia mwenyewe anachowaza. Nikiibana kidogo hapa, itamkaba. Nikiilegeza hapa, itaingiza maji, ataona bahari si mahali pake. Nani atajua? Mgeni wake alipoondoka alikata mpira, akapaka gundi, akakaa kwenye cherehani, na mkono ukakataa. Mkono wa fundi hauna ndugu wala adui. Mshono wa kwanza ulinyooka, wa pili ukanyooka, na alipoijaza maji akaining'iniza juu ya beseni halikudondoka hata tone. Ilikuwa sketi bora kuliko aliyoivaa mwenyewe. Alikaa akaitazama kwa hasira.

"Sijui nikushukuru vipi, wifi," mwalimu alisema alipokuja kuichukua.

"Usinishukuru. Usiivute ovyo, utaichana."

Mambo yangeweza kuendelea hivyo, ya kununa na kununiwa, lau isingekuwa mtihani. Chama chao cha wapiga kayaki kilikuwa kinatafuta kiongozi mpya wa safari, na Chura alijiandikisha. Anayetaka kuongoza hupimwa kwenye maji makali pamoja na mwenza aliyemchagua mwenyewe. Wakifaulu, safari zote za chama zitakwenda nyuma yao wawili. Dada aliingoja siku hiyo tangu Chura alipokuwa akikaa kwenye kayaki miguu haifiki mbele. Alishajiona kichwani mwake mara nyingi, yeye upande wa kushoto na mdogo wake upande wa kulia, na msururu wa watu ukiwafuata kama vifaranga.

"Nani mwenza wako?" alimuuliza Chura. Jibu alilijua. Aliuliza ili alisikie.

Chura akajikuna shingo. Dada aliujua mkuno ule tangu enzi za kuvunja vikombe.

"Bado sijaamua, Dada. Nataka kwanza nimwone mke wangu pale Jikoni. Akiyaweza, nitakwenda naye. Asipoyaweza, nitakwenda na wewe."

"Kwa hiyo mimi ni tairi la spea."

"Dada, jamani."

"Mimi niliyekufundisha kwamba kasia lina mbele na nyuma!"

"Ndiyo maana nakuomba utupeleke. Hakuna anayeyajua maji yale kama wewe. Jumamosi si ni bamvua?"

Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Dada alitaka kukataa. Lakini akikataa watakwenda wenyewe, wawili, bila yeye, na watarudi na vicheko ambavyo hatavielewa. Aliitazama kalenda. Saa tatu maji yangekuwa bado na adabu. Saa nne yangekuwa yamevua shati.

"Saa nne," akasema.

Jumamosi upepo ulikuwepo tangu alfajiri. Ufukweni Chura alipiga goti akamkazia mkewe sketi, akakagua kamba ya kuivutia iwe nje, akamgusa bega. Dada alijifungia ya kwake mwenyewe, kama kawaida, isipokuwa siku hiyo aliona kwamba anajifungia mwenyewe. Alimlilia ngoa wifi yake waziwazi, mbele ya kayaki mpya nyekundu isiyo na mkwaruzo hata mmoja.

"Wifi," mwalimu alimwita, "nikiogopa nifanye nini?"

"Piga kasia. Ukiacha kupiga umekwisha."

Hilo halikuwa gubu, ulikuwa ukweli, na Dada alijikuta amemwambia bila kupenda.

Walizunguka ukuta wa bandari na Jikoni kukafunguka mbele yao, kweupe, kunanguruma. Wifi aliangalia akafunga mdomo. Dada alikaa upande, kayaki yake ikirukaruka, akangoja. Hakumwombea afe, tusimsingizie. Alimwombea apinduke tu, anywe maji kidogo, alie kidogo, aombe kurudi. Wimbi la kwanza lilimnyanyua wifi likamtupa pembeni. Akainamia kasia, kiuno kikacheza chenyewe, kayaki ikasimama. La pili likamjia usoni. Akapotea kwenye povu, akatoka upande wa pili, nywele zimemganda, anapiga kasia kama anayefukuza mbwa. Haikuwa safi, lakini ilikuwa sawa. Dada, aliyefundisha watu, aliona kwamba ilikuwa sawa.

"Hivyo hivyo!" Chura alipaza sauti. "Hivyo hivyo, mama! Safi!"

Chura hakuwahi kumwambia Dada "safi" hata siku moja. Nani anamsifu mwalimu wake? Basi Dada akageuza kayaki akaelekea katikati, karibu na mwamba, mahali ambapo hata yeye hapendi kukaa sana. Alitaka waone. Alingoja mgongo wa wimbi, akapiga kasia mara chache za nguvu, na likamchukua. Ilikuwa kazi ya kishujaa. Kayaki iliruka juu ya ukingo ule mweupe, yeye akiielekeza kwa bapa la kasia nyuma, mwili umelala, uso umejaa chumvi. Miaka ile yote ilikuwa mikononi mwake, na alijua kwamba hajawahi kulipanda wimbi namna ile. Akageuza shingo kuona kama Chura ameona.

Chura alikuwa anamtazama mkewe.

Wimbi lililofuata halikungoja amalize kutazama. Lilimpiga ubavuni, likampokonya kasia, na dunia ikageuka.

Chini kulikuwa na giza la kijani na mngurumo. Kasia hamna. Angeweza kuvuta sketi akatoka, akaogelea kama paka aliyetumbukia, mbele ya wifi. Heri afe. Akatoa mikono nje ya maji, akaligonga tumbo la kayaki yake, moja, mbili, tatu, akaanza kuipeleka mikono mbele na nyuma. Haikuchukua muda. Pua ikaja, ikamgusa kiganja cha kulia, pale pale inapotakiwa kuja. Dada akaishika, akaipapasa.

Haikuwa na kovu. Ilikuwa laini, mpya, ya dukani.

Mtu mwenye akili angeshika, apumue kwanza, wivu baadaye. Lakini wivu hauna adabu ya kungoja mtu apumue. Dada aliweka viganja vyote viwili kwenye pua ile akaisukuma kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Ondoka! Akairudisha mikono yake kumngoja mdogo wake. Atakuja, akawaza, lazima ameona, atamwambia mkewe apishe. Mikono ikaenda mbele, hakuna. Ikarudi nyuma, hakuna. Kifua kikaanza kupiga kama cha mtu mwenye kwikwi. Atakuja. Maji yakamwingia puani. Alimwona Chura mdogo, kamba za viatu mkononi, na alimkasirikia kwa kuchelewa. Vidole vilikuwa vinaitafuta kamba ya sketi na haviioni, wala havijui tena mbele ni wapi.

Pua ile laini ikarudi. Safari hii ilikuja polepole, ikamgusa kiwiko, ikateleza mpaka kiganjani, ikatulia hapo.

Akaishika.

Alitoka juu amelala kifudifudi kwenye kayaki nyekundu, anakohoa, kamasi zinamchuruzika, na uso wa wifi ulikuwa karibu kabisa na wake.

"Pumua, wifi. Pumua. Shika tu, usiachie."

Chura alikuwa kule mbali, ameshika makasia mawili, lake na la Dada. Uso umemsawajika.

Waliporudi ufukweni walizivuta kayaki zote juu ya mchanga. Kisha Chura akamgeukia mkewe.

"Ile mara ya kwanza ilikuwaje? Nilikuona umefika kabisa. Halafu ukarudi nyuma."

Wifi alikuwa anakamua nywele. Alimtazama Dada kidogo tu, kisha akatazama chini.

"Nilimkosa," akasema. "Nilikuja vibaya, pua ikampita."

Dada alikuwa na chumvi mdomoni. Ilikuwa rahisi kuitema na kusema jambo, na ilikuwa rahisi zaidi kuinama na kukagua sketi yake. Akakagua sketi yake.

"Kumkosa mtu aliyegonga si jambo dogo, mke wangu," Chura alisema taratibu. "Karibu tumpoteze dada yangu."

"Najua."

"Basi kwenye mtihani nitakwenda na Dada. Wewe utakwenda mwaka mwingine."

"Sawa," wifi akasema.

Ndivyo Dada alivyokipata alichokitaka. Alirudi dukani akafungua kufuli, akaligeuza lile sofa la mteja likakaa kwa miguu yake, akaanza kulivalisha kitambaa, na furaha ilikuwepo, kweli ilikuwepo. Yeye kushoto, Chura kulia. Alipiga pini upande mmoja wote kabla hajagundua kwamba kitambaa amekiweka ndani nje. Akaanza kuzing'oa moja moja.

Jioni walimwalika chai. Sebule ya Chura ilikuwa ndogo, makochi yake alishona Dada mwenyewe kuwa zawadi ya harusi, na ukutani wifi alibandika michoro ya wanafunzi wake, majua yenye miguu na watu wenye vidole kama vijiti. Chura alikuwa ameshakalia ualimu. Mezani aliweka kijiko kuwa kayaki ya Dada na kibiriti kuwa kayaki ya mkewe.

"Ona, ulikuja hivi," alisema, akikisukuma kibiriti mshazari. "Ndiyo maana pua ilimpita. Ulitakiwa uje hivi, umlenge mkononi."

"Ndiyo," wifi alisema.

"Na uliogopa, ukarudi nyuma. Usirudi nyuma."

"Ndiyo. Nimeelewa."

"Fanya, nikuone."

Wifi akakishika kibiriti. Dada alikuwa na kikombe mdomoni. Angeweza kuvumilia mengi: kukaa kimya, kusifiwa kwa jambo ambalo si lake, hata kuutazama uso wa wifi ukikubali makosa ya watu. Hilo la mwisho lilimuuma, lakini alishaumwa na mengi mwaka ule. Asichoweza kuvumilia kilikuwa kile kibiriti. Mtu amefanya kazi iliyonyooka, pua imefika pale pale kiganjani katika maji yale, na sasa anakaa kufundishwa upya jinsi ya kuipinda! Atakwenda siku nyingine atafanya hivyo alivyofundishwa, na mtu atakufa.

"Acha upuuzi huo," alisema. "Hakukosea."

Chura akainua kichwa.

"Alikuja sawasawa. Mara ya kwanza. Wewe mwenyewe hujawahi kunijia vizuri hivyo. Nilimsukuma."

"Ulimsukuma nani?"

"Nilimsukuma mkeo. Niliipapasa pua nikajua ni yake, nikaisukuma. Sikuitaka ya kwake."

 Kisha Chura akamgeukia mkewe. "Na wewe ulijua?"

"Nina chumba kizima cha watoto, bwana. Nasukumwa kutwa," wifi alijibu. "Mkono unaotafuta haufanani na mkono unaosukuma."

"Kwa nini ulisema umemkosa?"

Wifi aliinua mabega. "Alikuwa anatetemeka. Nikaona si wakati wake."

Chura alikisukuma kijiko kando. Dada alimngoja apige kelele, alikuwa na haki ya kupiga kelele, na kelele angezijibu. Lakini aliposema, alisema kwa sauti ndogo.

"Ulikuwa unamngoja nani mle chini?"

"Nilikuwa nakungoja wewe. Ningemngoja nani mwingine?"

"Dada, mimi nilikuwa nimesimama mbali. Nilimwona yeye yuko karibu, nikasimama. Wewe ndiye uliyenifundisha." Alikitazama kijiko. "Nisingekuja. Hata ungengoja mpaka kesho. Nisingekuja."

  Dada aliiona bahari ile tena, kwa juu safari hii, jinsi ilivyokuwa: tumbo la kayaki yake likielea, mikono miwili ikipepesuka hewani, mdogo wake akiwa kule na makasia mawili, ametii. Wakati wote ule alipokuwa akimfukuza mmoja ili aje mwingine, hakukuwa na mwingine. Alikuwepo huyu tu. Na huyu ameshasukumwa, na mawimbi yanampiga, na mwamba uko nyuma yake.

"Wifi," Dada akasema.  "Baada ya kukusukuma. Kwa nini ulirudi?"

Alikuwa anataka jibu lenye kitu ndani yake. Angesema amerudi ili amfurahishe mumewe, au ili aonekane mwema, Dada angekuwa na pa kushika. Lakini mwalimu wa chekechea alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua ikinyesha anaanua nguo.

"Si ulikuwa bado uko chini?" akasema.

Dada alilitafuta gubu lake lote, akaligeuza huku na huku, hakuona mahali pa kulichomeka. Hilo nalo lilimuuma. Alimwonea wivu hata kwa jibu lile, maana alijua, na alijua vizuri sana, kwamba yeye asingerudi.

"Mtihani nenda na mkeo," alimwambia Chura. Akasimama, akachukua mkoba wake, akafika mlangoni ndipo machozi yakamtoka, mengi, mbele yao wote wawili, na hakuna aliyemkimbilia kwa sababu hawakujua ni nani kati yao anayemtaka.

"Njoo basi," alisema bila kugeuka. "Njoo wewe, wifi."